Ni Nani Aliyekata Mirangi ya Wifi Yangu

Sikumfukuza wifi yangu. Ninaanza na hilo kwa sababu ndilo linalotafutwa, na aliyefungua karatasi hizi kwa ajili ya hilo peke yake anaweza kuishia hapa akaendelea na shughuli zake.

Yanayosemwa mtaani ni haya. Kwamba mume wangu alipofariki, kabla udongo wa kaburi lake haujakauka, nilishika panga nikaufyeka ua wa mirangi uliokuwa ukimlisha dada yake, ili akose pa kushika. Kwamba aliondoka na gunia la vijiti mkononi, macho mekundu. Kwamba mwezi uliopita, tulipomzika yeye mwenyewe, nilisimama kaburini mkavu kama nguzo ya umeme. Panga lilikuwepo kweli. Gunia pia lilikuwepo, na visiki kila mtu aliviona. Aliyeyatunga maneno haya hakupata tabu. Aliokota vitu vya kweli akavishona kwa uzi wake. Nimefundisha shule mpaka nikastaafu, na insha za namna hiyo nimezisahihisha nyingi: kila sentensi ina neno la kweli, na ukurasa mzima ni uongo.

Jina lililo kwenye lango langu ni la mume wangu. Halitapakwa matope nikiwa hai. Kwa hiyo nitaeleza wifi yangu alikuwa nani, maana hata waliomlilia kwa sauti pale makaburini hawakumjua. Walijua mikono yake tu.

Mikono yake ilikuwa myekundu. Si wekundu wa hina, unaopakwa kwa mapambo na kufifia. Ulikuwa wekundu wa matofali mabichi, umeingia kwenye mistari ya viganja na chini ya kucha, na haukutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Watoto wa mtaa walimwita Bi Chekundu. Aliwaitikia. Alisema mwenye jina la kupewa na watoto hana deni na mtu.

Alizaliwa kando ya msitu wa mvua, mbali na huku, mahali ambapo nguo hazikauki na mbao za nyumba huota kuvu. "Mvua ya kwetu hainyeshi," alizoea kusema, "inakaa." Mama yao alifariki mapema, naye akambeba mdogo wake mgongoni mpaka mdogo mwenyewe akaona aibu akaomba kushuka. Huyo mdogo ndiye aliyekuja kuwa karani wa mahakama, na mume wangu. Yeye dada aliolewa mara moja, na mwanamume aliyekwenda kupasua mbao upande wa pili wa msitu na hakurudi. Tulipomuuliza kama aliachwa, alisema hakuachwa, yule bwana alikata mguu tu, na mguu wenyewe haukuwa wa thamani.

Alipokuja kwetu nilikuwa nimekwisha kuchora ukuta. Nilitaka ukuta wa matofali ya saruji kuzunguka kiwanja, na lango la chuma. Mume wangu akaja kutoka stendi akiwa amembebea dada yake sanduku dogo, na dada mwenyewe amekumbatia gunia lililolowa, lililofungwa kwa majani ya mgomba. Akaliweka barazani kwangu, maji yakachuruzika hadi mlangoni. Ndani mlikuwa na vijiti vitupu.

Nikamuuliza kwa adabu kama hizo ni kuni.

"Kuni hizi utazila, wifi," akasema.

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia kwamba ukuta usubiri, dada amekuja na wake.

Vijiti hivyo ndivyo mirangi. Vitabu vyangu vinasema kichaka hiki kilitoka misitu ya mvua ya ng'ambo ya bahari, kikasafiri na mabaharia na wapanda bustani mpaka kikaenea nchi zote za joto. Wifi alisema vitabu vinaweza kusema vitakavyo. Kwao mrangi ulikuwepo kabla ya babu yake. Hatukubishana. Alichukua matawi yasiyo mabichi sana wala makavu, unene wa kidole gumba, akakata ncha ya chini mshazari, akaacha majani mawili na kuyapunguza nusu yasinywe maji yote. Akayachomeka ardhini mstari mmoja kuzunguka kiwanja, akayatilia kivuli cha makuti, na asubuhi na jioni akayamwagilia kwa kopo lililotobolewa. Mengi yalikufa. Yaliyokufa aliyang'oa, akachomeka mengine.

Baada ya misimu michache ua ulinipita kimo. Majani yake yana umbo la moyo. Maua yake ni ya waridi hafifu, yamejaa nyuzi katikati kama pamba ya kupakia poda, na hayakai zaidi ya siku. Kisha huja matunda, mekundu, yenye nywele laini kama shokishoki, ila hayaliwi. Tunda likikauka hugeuka kahawia, hupasuka pande mbili, na ndani mna mbegu ndogo zilizovikwa rangi. Ukizigusa umekwisha. Shati, pua, kitasa cha mlango, vyote vitajua.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja. Alivuna maganda yalipoanza tu kupasuka, kabla mvua haijayafikia, kwa sababu mvua huosha rangi yote ikaenda na maji. Aliyaanika kivulini, katika chumba chake cha uani, madirisha yamezibwa kwa magunia. Jua huua rangi. Mbegu iliyoanikwa juani hubaki na sura ya kutu. Aliyapiga maganda ndani ya gunia kwa mpini wa jembe, akapepeta, kisha akazifikicha mbegu katika maji ya moto mpaka maji yakawa mazito, akayachuja na kuyachemsha taratibu mpaka yakabaki tope zito la kufinyangwa vidonge. Nyingine alizipasha katika mafuta, na mafuta yakawa na rangi ya machweo. Mwoka mikate alinunua ya kupaka juu ya mikate ya siagi. Mtengeneza sabuni alinunua vidonge. Wasusi wa mikeka walinunua, na wasichana walimjia kwa siri wakitaka ya midomo, akawapa bure kwa sharti kwamba wakiulizwa na mama zao waseme wamekula embe bovu.

Watu wanasema nilimkataza kukaa sebuleni kwangu. Sikumkataza. Viti vyangu vilikuwa na vitambaa vya rangi ya maziwa, nilivinunua kwa mshahara wangu mwenyewe nilipopandishwa kuwa mwalimu mkuu, na yeye alikuwa na akili zake. Kila alipoingia alitandika gazeti kwanza, akakaa kwenye ukingo kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Hakuwahi kumaliza chai. Nikaagiza kwa seremala kiti kimoja cha kitambaa chekundu, cheusicheusi, kisichoonyesha doa. Kilipoletwa nilimwambia hicho ni chako. Alikizunguka, akakipapasa kwa nyuma ya mkono.

"Rangi ya kiwandani," akasema. "Haina hata mwaka mmoja ndani yake."

Akatandika gazeti, akakaa kwenye kile cha maziwa. Mume wangu aliinamia sahani yake ili nisione anacheka.

Ndivyo tulivyoishi. Sisemi tulipendana, na sitasema tulichukiana. Tulikuwa wanawake wawili katika kiwanja kimoja, mmoja na vitabu vyake mbele, mwingine na masufuria yake uani, na katikati yetu alipita mwanamume mmoja aliyependwa na wote wawili. Jioni akirudi kutoka mahakamani alipitia kwanza chumba cha uani. Niliwasikia wakizungumza kwa sauti za chini, lugha ya utotoni mwao, maneno mengine siyajui mpaka leo. Kisha alikuja kwangu, na kwenye mkono wa shati lake daima palikuwa na alama ya vidole. Dada yake alimshika hivyo, pale kwenye pindo la mkono wa shati, kama anavyoshikwa mtoto wakati wa kuvuka barabara. Nilizisugua alama hizo kwa limau kila wiki, nikinung'unika. Akaniambia, "Ukitaka kujua dada amepita wapi, huna haja ya kuuliza mtu."

Hapa lazima nimtaje mke wa fundi cherehani, jirani yetu wa kulia, kwa sababu yeye ndiye fundi halisi katika nyumba ile. Mumewe hushona nguo tu. Aliona wifi anauza rangi, akataka na yeye. Alimwomba mbegu. Wifi akamwambia asipande mbegu, achukue vijiti, kwa kuwa mrangi wa mbegu haufuati mama yake. Waweza kutoka wenye rangi, waweza kutoka mtupu. Jirani akadhani anazungushwa. Siku wifi hayupo aliingiza mkono uani akachuma maganda yake, akapanda. Miche ikaota mizuri, ikanenepa, ikatoa maua meupe, na maganda yakapasuka yakiwa na mbegu zilizopauka kama meno ya mzee. Toka siku ile akatangaza kwamba wifi yangu alizichemsha mbegu kabla ya kuacha ziibwe. Nilimuuliza mbele ya watu ni mtu gani huchemsha kitu akakingoja kiibwe. Watu walicheka. Yeye hakucheka, na hakusahau.

Mume wangu alifia kazini, ameinamia meza yake, kalamu mkononi. Moyo. Wenzake walidhani anasoma.

Msiba ulitukuta msimu wa kuvuna. Maganda yalikuwa yamekauka, yameanza kupasuka ua mzima, na mbingu imeziba. Watu walijaa uani chini ya turubai. Wifi alikaa nao mkekani, mgongo umenyooka, mikono ameificha ndani ya kanga. Nilikuwa ng'ambo ya uwanja, katikati ya jamaa zangu, na nilimwona akiutazama ua. Alijua kinachokuja. Mara moja aliinua goti kama anayetaka kusimama, akaliteremsha. Hakuwa mtu wa kuvuna mbele ya watu waliokuja kumlilia mdogo wake.

Mvua ikanyesha. Iliosha kila ganda lililokuwa wazi, na maji yakatoka chini ya ua yakiwa mekundu, yakajikusanya mlangoni, yakapita chini ya lango mpaka barabarani. Wageni waliinua miguu. Jirani yangu akashika mdomo akasema kwa sauti ya kusikika kwamba nyumba hii inatoka damu.

"Si damu, jirani," wifi akamjibu akiwa amekaa palepale. "Huo ni mwaka wangu unapita."

Watu walikuwa wengi, na nadhani hakuna aliyeelewa isipokuwa mimi. Mavuno yote yalikuwa yamekwenda.

Baada ya wageni kutawanyika, na watoto wangu kurudi makwao, nyumba ikawa kubwa. Nilikaa mbele, yeye uani. Asubuhi nilisikia kopo lake likigonga ndoo. Nadhani alinisikia nikifungua madirisha. Nilipika chakula kidogo, nikala. Alipika kidogo chake, akala. Ukuta wa jikoni ni mwembamba, na kila mmoja alisikia kijiko cha mwenzake. Sikuwa na shati la kusugua limau. Lililobaki, la siku ile aliyofariki, lilikuwa na alama mbili za vidole vya dada yake kwenye pindo la mkono, na sikulifua.

Nilijua kinachoning'inia juu yetu, na yeye alijua. Alikuwa amekuja kwa mdogo wake. Je, mdogo wake akiwa hayupo, kuna cha kumweka? Hakuna aliyeliuliza. Lilikaa kati yetu kama mgeni asiyejua kuaga.

Ndipo asubuhi moja alipobisha mlango wa mbele. Katika miaka yake yote kwetu alikuwa akiingia kwa mlango wa jikoni. Nilifungua, nikamkuta ameshika panga kwa makali chini.

"Ua umezeeka ndani, wifi," akasema. "Matawi yamekuwa marefu na matunda yako juu tu. Mwaka wenyewe umekwisha kupotea. Sasa ndio wakati wa kuupogoa."

Nikamwambia aupogoe, ua ni wake.

"Mrangi haukatwi na mtu mmoja."

Na hapa ndipo mtaa mzima ulipopotea njia, basi naomba nieleweke. Ganda la mti huu ni la nyuzi, refu, lenye nguvu. Kwao husokotwa kamba. Ukikata tawi nalo likaanguka kwa uzito wake, ganda huchanika kwenda chini mpaka mizizini, na kisiki hufa. Kwa hiyo mmoja hulikumbatia tawi akaliinua, mwingine hukata chini, usawa wa goti. Hufanywa baada ya kuvuna, na kisiki kilichokatwa vizuri hurudi na machipukizi mengi, yanayozaa mahali ambapo mkono unafika. Kazi hiyo walikuwa wakiifanya wawili, dada na mdogo wake. Mimi nilikuwa nikiwatazama dirishani nikisahihisha madaftari.

Nilitoka na nguo zangu za msiba. Nilishika tawi la kwanza, zito kuliko nilivyodhani, na umande na vumbi vikanimwagikia shingoni. Yeye akakata. Tukaenda hivyo kisiki kwa kisiki, bila maneno ila "inua" na "taratibu" na "hapo". Kwenye mkato hutoka utomvu wa rangi ya machungwa, ukanipaka kifuani. Tulipofika upande wa barabara mikono yake ilikuwa imechoka, maana hakuwa kijana. Nikamwambia tubadilishane. Akanipa panga. Akalikumbatia tawi, shavu limelala juu ya ganda, akafumba macho, na machozi yakamtoka ambayo hakuyatoa msibani. Nikainua panga nikakata.

Wakati huohuo mke wa fundi cherehani alikuwa anapita na ndoo.

Basi, hicho ndicho alichokiona: mjane na panga, wifi analia juu ya mti wake, visiki nyuma yao. Hakusimama kuuliza. Angesimama, angeambiwa, na hadithi ingekufa mikononi mwake. Alikwenda nayo ikiwa mbichi.

Tulipomaliza, wifi alichagua vijiti kutoka katika matawi yaliyolala chini. Unene wa kidole gumba, ncha mshazari. Akavipanga ndani ya gunia, akaumwagia maji mfuko mzima, akafunika kwa majani ya mgomba. Sikuhitaji kuambiwa. Lilikuwa gunia lilelile, au ndugu yake.

"Baki," nikamwambia.

Alikuwa anafunga kamba. Alimaliza fundo kwanza.

"Nilikuja kwa mdogo wangu, wifi. Nikibaki tutakaa tukisikilizana kila mmoja anavyotafuna."

Nililiomba hilo mara moja. Mimi siombi mara mbili, na yeye hakuwa mtu wa kujibu mara mbili. Kwa hilo tulifanana kuliko ndugu. Nilimsindikiza mpaka stendi nikiwa nimebeba sanduku, yeye gunia. Waliotuona barabarani waliona macho yake mekundu. Yangu hawakuyatazama.

Visiki vilikaa kama vimekufa. Kila asubuhi nilivitazama, vimejipanga kuzunguka nyumba kama meno ya chini. Mtengeneza sabuni alikuja langoni akalalamika kwamba sabuni yake imekuwa nyeupe kama mgonjwa, na je, nina hata kidonge kimoja. Sikuwa nacho. Akavitazama visiki, akanitazama, akavaa kofia yake. Nikaelewa kwamba maneno yamemfikia. Ningeweza kumweleza. Sikuona sababu ya kujieleza kwa mtu aliyekuja kutafuta sabuni.

Kisha mvua zikarudi, na vikachipua. Vyote, isipokuwa kimoja nilichokikata vibaya. Msimu uliofuata vilizaa, na nilivuna mwenyewe, nikaanika kivulini katika chumba chake, magunia dirishani. Vidonge vyangu vilitoka vilaini mno, vikanata kwenye karatasi. Mikono ikawa myekundu. Nilikwenda nayo kwenye kikao cha walimu wastaafu, nikaiweka juu ya meza mbele ya kila mtu, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Majani yalipoanza kupungua, alfajiri moja nikasikia kopo linagonga ndoo. Nilitoka jikoni nikamkuta uani, ameshuka kwenye basi la kwanza, anakunywa maji. Hakusalimu kwa maneno mengi.

"Sasa nani angekuinulia?" akaniuliza.

Tukakata ua. Jua halijawa kali tulikuwa tumemaliza, akaoga, akaondoka na basi la mchana. Mwaka uliofuata akaja tena, na uliofuata. Hakulala hata mara moja. Hatukuwa na mengi ya kusema; nilimpa vidonge vyangu akavinusa, akaviminya, akasema "bado", au "afadhali". Mtaa haukumwona akija, kwa kuwa alikuja mapema. Uliona visiki tu. Na kila mwaka mtaa ulisema: huyo, ameanza tena, hata mimea ya wifi yake haivumilii. Nami nilinyamaza, kwa sababu wageni wa nyumba yangu si habari za bombani.

Mara ya mwisho alipokuja alikuwa amepungua. Tuliacha upande wa barabara bila kukata, tukaingia ndani. Hakutandika gazeti. Alikwenda moja kwa moja kwenye kile kiti chekundu, kitambaa chake kimekwisha kupauka kama alivyotabiri, akakaa, akaegemea mpaka nyuma, mikono juu ya mikono ya kiti. Nikaleta chai. Aliinywa yote, na nikamwongezea, na tukazungumza mpaka akakosa basi lake akasubiri la jioni.

Alifariki huko kwao kabla ya mavuno. Mimi ndiye niliyetuma gari kumfuata, na mimi ndiye niliyesema azikwe ubavuni mwa mdogo wake, mahali palipokuwa pamewekwa kwa ajili yangu. Hilo waulizeni wasimamizi wa makaburi. Kama sikulia, ni kwa sababu kulia kwangu hakuhitaji mashahidi.

Wiki hii ulikuwa wakati wa kupogoa. Nilianza peke yangu. Mke wa fundi cherehani akaja akaegemea ua wake, ule wa maua meupe.

"Umeanza tena, Mwalimu. Na mwenyewe keshalala. Sasa unamfukuza nani?"

"Njoo ushike hapa," nikamwambia.

Nadhani alishangaa ndiyo maana akaja. Nikamwonyesha namna ya kukumbatia, akakumbatia, nikakata, tawi likateremka mikononi mwake bila kuchana ganda hata unyoya. Akakitazama kisiki kwa muda. Utomvu ulikuwa umempaka kanga yake mpya.

"Kumbe hukatwa na wawili," akasema polepole.

Nilimwacha alifikirie mwenyewe mpaka lifike lilikokuwa linakwenda. Lilipofika, uso wake ukabadilika, akainamisha macho; kisha, kwa kuwa ni yeye, akayainua upesi akaniuliza: siku ile ya mwisho, nilipomwona akitoka kwako jioni, mlipofungiana ndani mchana kutwa, alikuambia nini? Nikamwambia sufuria yake inaungua. Akanusa, akakimbia. Hakurudi.

Matawi yaliyobaki niliyashikiza kwa kamba. Wifi aliniachia kamba aliyoisokota kwa ganda la mrangi wenyewe. Naifunga kwenye tawi, naipitisha juu ya nguzo ya lango, naivuta kwa mkono wa kushoto na kukata kwa wa kulia. Ni kazi ya polepole, na ganda huchanika kidogo. Vitachipua baadhi.

Kiti kiko sebuleni. Kwenye mikono yake kuna alama za vidole, na anayekuja kunisafishia nyumba amekatazwa kuzigusa. Hicho ndicho kila mtu anaweza kukiona akiingia. Tulichozungumza tukiwa tumekaa pale si cha mtaa, si cha jamaa, wala si cha watoto wangu. Nimeulizwa, nimejibu yaliyonihusu kujibu. Zaidi ya hapo sisemi.